Ua la Udongo na Marehemu Asiye na Jina



Wapendwa Taifa la Mungu, kila tarehe 11 Novemba Waingereza huwakumbuka askari wao waliofariki vitani, kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilikoma. Watoto wa shule nyingi za huko hufinyanga maua mekundu ya udongo, mfano wa yale yaliyochanua katika viwanja vya mapigano vya Ubelgiji na Ufaransa. Mwaka 2014 handaki la ngome kongwe ya London lilijazwa maua ya namna hiyo 888,246: ua moja kwa kila askari wa Uingereza na makoloni yake aliyehesabiwa. La mwisho lilipandwa na mvulana wa miaka 13.

Mtoto mwenye bonge la udongo mkononi hawezi kufinyanga maelfu kwa mara moja. Hufinyanga ua moja, kisha jingine, wala hayalingani. Ndivyo Kitabu cha Mwanzo kinavyotuonyesha Mungu akimwumba mtu kwa mavumbi. Mbele zake hakuna umati. Yupo huyu, na yule.

Lakini wapo ambao hawakuhesabiwa hivyo. Vita hiyo ilipiganwa pia katika nchi zetu, na wapagazi wengi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, tunapokwenda kununua na kuuza, limetokana na kikosi chao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ndugu zangu, mwezi wa Novemba tunaleta altareni orodha za marehemu wetu. Nawaomba mwaka huu, chini ya majina ya wazazi na ndugu, kila familia iongeze mstari mmoja: "mpagazi asiye na jina". Nao watoto wa Utoto Mtakatifu wafinyange kila mmoja ua lake, wakiomba kwa ajili ya mtu mmoja tu. Sisi hatumjui jina. Aliyemfinyanga hajamsahau.

Mungu awabariki.

Paroko wenu