Kabla ya Msimu wa Korosho

Niliingia kwenye ukuli ndevu hazijaota vizuri. Mjomba wangu aliongoza kikundi cha wapakiaji, na kwetu Chiwata mjomba akisema twende, unakwenda. Korosho zikishaokotwa na kuanikwa, kuanzia Oktoba, magunia yalirundikana kwenye ghala la chama cha msingi, nasi tukayatoa mlangoni mpaka kwenye lori la kwenda Masasi. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi. Wawili wanalishika pembe, wanahesabu kwa pamoja, wanakutwika. Unapanda ubao mpaka kwenye bodi, na juu kuna mwingine anayekutua. Malipo ni kwa gunia, si kwa saa, kwa hiyo hakuna anayekubali kuketi.

Baada ya misimu kadhaa nilikwenda kusomea ualimu Butimba, Mwanza, nikachukua elimu ya michezo, nikarudi kufundisha huku kwetu. Nilipostaafu sikuona sababu ya kuacha. Siku hizi wanafunzi wangu ni wapakiaji, wakulima, akina mama na wazee wachache, na darasa letu liko chini ya mwembe nyuma ya nyumba yangu.

Watu wengi hapa wanaamini kwamba anayefanya kazi ngumu hahitaji mazoezi. Nimeupinga usemi huo maisha yangu yote ya kazi, na nitaendelea kuupinga. Kazi inatumia nguvu ulizonazo. Haijali kama unazo za kutosha. Gunia la siku ya kwanza ya msimu lina kilo 80, na la siku ya mwisho lina kilo 80 zilezile. Haliji na kilo 20 kwanza ili mwili uzoee. Linakaa bega lilelile kila siku, haliulizi ulilala vipi. Mazoezi ndiyo yanayokupa nafasi ya kuchagua uzito, kuuongeza taratibu, na kupumzika kabla mwili haujalalamika.

Shirika la Kazi Duniani liliiona hatari ya mizigo mizito zamani. Mwaka 1967 lilipitisha Mkataba Namba 127 kuhusu mizigo inayobebwa na mtu mmoja, na pendekezo lililoambatana nao likataka mzigo wa mwanamume mzima unaozidi kilo 55 upunguzwe haraka iwezekanavyo. Gunia letu limepita kiwango hicho kwa kilo 25. Wenzangu niliobeba nao wengi wanaumwa viuno. Mmoja, mtani wangu wa Kimakua aliyekuwa hodari kuliko sisi sote, alianza kupata maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni mpaka kwenye unyayo, kisha mguu ukawa na ganzi, na hakurudi tena ghalani.

Chuoni ndiko nilikosoma habari za Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyefanya kazi katika hospitali ya kijeshi Chicago wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa na askari wengi waliopasuliwa magoti, na desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi kwa muda mrefu. Yeye akawapa uzito mkubwa ambao mtu angeweza kuunyanyua mara 10 tu, akauongeza kadiri nguvu zilivyopanda, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Mazoezi ya nguvu ya kisasa yanasimama juu ya wazo hilo: uzito unaopimika, unaoongezwa hatua kwa hatua. Nilipolisoma nilifikiria ghala letu palepale.

Vyuma vya dukani hatuna. Tuna makopo ya rangi na zege. Kopo la lita 4 likijaa zege linakaribia kilo 10. Ndoo ya lita 10 inafika kilo 24 hivi. Tunachomeka bomba la chuma kati ya makopo mawili, linakaa siku kadhaa likikauka, kisha tunaupeleka kila mtambo kwenye mzani na kuuandika uzito wake kwa rangi. Hapo huwa mkali. Kunyanyua kwa kukadiria kwa macho ni kama kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa kopo badala ya mzani: kopo limejaa au halijajaa hujui, na hasara ni yako.

Kabla ya kopo lolote, mwanafunzi anashika mchi wa kinu. Anauweka wima mgongoni, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine kiunoni, na mchi lazima uguse mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Kisha anakunja magoti kidogo na kurudisha nyonga nyuma mpaka kifua kiiname, huku mchi ukiendelea kugusa pote patatu. Ukiachana na kisogo, ameangusha kichwa mbele. Ukiachana na makalio, amepinda kiuno, na kiuno kilichopinda ndicho kinachopasuka gunia likiwa mikononi. Vijana wanahangaika na zoezi hili siku kadhaa. Akina mama waliokulia kwenye ngoma ya sindimba wanalipata mara moja, kwa sababu mchezaji wa sindimba anajua kuketisha nyonga nyuma na kuzichezesha huku mabega yametulia. Nimewahi kumwita shangazi yangu, mtu mzima sana, aje kuwaonyesha wapakiaji, na walinyamaza wote wakimtazama.

Ukishajua kukunjia nyonga, mengine yanafuata. Mzigo uwe karibu na mwili, ukipita unagusa mapaja. Miguu isukume ardhi kabla mgongo haujaanza kunyooka. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usizungushe kiuno. Na pumzi: vuta, kaza tumbo, inuka, toa pumzi unapomaliza sehemu ngumu. Kuna wanaobana pumzi toka chini mpaka juu wakiamini ndiyo nguvu. Shinikizo la damu linapanda sana kifua kinapobanwa hivyo, kwa hiyo mtu mwenye presha namkataza kabisa, na kila aliyepita miaka 40 namtuma kwanza kituo cha afya akapimwe.

Ratiba yetu inafuata mkorosho. Nimejaribu ratiba za vitabuni, na hazikudumu, kwa kuwa ziliandikwa na watu ambao Januari hawana palizi. Mvua zikinyesha tunalima, hatunyanyui. Juni, mazao ya chakula yakiwa ndani, ndipo tunaanza: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, seti 3 za mara 10, kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma juu ya kichwa, kuvuta kopo kuelekea tumboni, na kutembea na ndoo mbili mikononi. Anayemaliza seti zote bila kuharibu umbo anaongezewa kilo 2 au 5. Wiki ya nne tunapunguza mizigo karibu nusu, hata kama mtu anajisikia simba. Agosti na Septemba uzito unapanda na marudio yanashuka, seti 5 za mara 5. Msimu ukianza, tunabaki na siku moja kwa wiki, nyepesi, hasa ya kuvuta na kunyoosha, maana gunia limeshafanya mengine.

Juni mpaka Agosti pia ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Watu wanaamka alfajiri upepo ukiwa umetulia, bomba la injini mgongoni, na vumbi linaingia machoni na kifuani. Aliyepulizia asubuhi hanyanyui jioni. Anaoga, anabadili nguo, anakunywa maji, analala. Na asiyefunika pua na mdomo shambani namuuliza mbele ya wenzake kwa nini, kwa sababu kifua kinachokohoa hakiwezi kukaza tumbo.

Kuhusu chakula sina maneno mengi. Kunde, mbaazi, njugu mawe, karanga, dagaa na korosho zenyewe zinatosha kujenga msuli wa mtu yeyote, kukiwa na ugali au ming'oko ya kumpa nguvu. Makopo ya unga wa protini wanayoyaona vijana kwenye simu si ya lazima.

Dawa za maumivu ndizo zinazonitia hofu. Mpakiaji anameza diklofenaki asubuhi kabla ya kazi ili kiuno kisimsumbue, anarudia mchana, na anaendelea hivyo msimu mzima. Dawa hiyo ikitumiwa hovyo inachubua tumbo mpaka litoke damu, na inaumiza figo, hasa za mtu anayetoka jasho bila kunywa maji. Zipo pia dalili zisizongoja dawa wala mazoezi. Uvimbe kwenye kinena unaojitokeza mtu akijikaza mara nyingi ni ngiri. Ukiuma na kukataa kurudi ndani, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, Mkomaindo au Ndanda. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya kiuno anayeanza kushindwa kuzuia mkojo, au kupata ganzi katikati ya mapaja. Hao siwashauri mazoezi yoyote.

Akina mama ninawapa uangalifu wa pekee. Kwenye uwanda wa Makonde maji yana historia ngumu, na mwanamke wa Newala au wa kwetu amebeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu utotoni. Shingo na miguu yao ni imara ajabu. Sehemu iliyo dhaifu mara nyingi ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyochoshwa na uzazi, na wengine kizazi kinashuka huku wakiona haya kusema. Mama aliyejifungua karibuni tunaanza naye kwa kukaza misuli ile akiwa amelala, taratibu, na ndoo ibebwe na mwingine nyumbani. Waume zao huwa naongea nao mwenyewe.

Sasa nimeanza kuzungumza na viongozi wa chama kuhusu kujenga jukwaa la zege mlangoni mwa ghala, lenye kimo cha bodi ya lori, ili gunia lisukumwe kwa kitoroli badala ya kupandishwa ubao. Mchanga upo, mafundi wapo miongoni mwa wanafunzi wangu, na Juni ghala huwa tupu.