Kwa Baiskeli Katika Nchi Iliyo Chini ya Bahari

Sisi tuliozaliwa Busia hatuna haja ya kufundishwa habari za baiskeli. Kazi ya boda boda ilianzia kwetu mpakani katika miaka ya 1960, na mimi mwenyewe, kabla sijawa karani, nilipata karo ya shule kwa kubeba abiria na vikapu vya samaki. Basi mpwa wangu afanyaye kazi katika mji wa Zwolle, nchi ya Uholanzi, aliponiletea habari, “Mjomba, njoo tutembee kwa baiskeli siku tatu,” nilimcheka. Je, mtu hupanda ndege mpaka Ulaya ili akapande tena baiskeli?

Bibi yangu hakucheka. Mpwa alikubali kulipa tikiti ya ndege, lakini visa, nguo za baridi na nauli ya Nairobi vilikuwa vitoke katika akiba yetu ya kutengeneza nyumba. Wasomaji wanaokaa Budalang’i watafahamu upesi. Shamba letu liko karibu na mto Nzoia, nyuma ya tuta la udongo. Mwaka 2003 tuta lilipasuka. Mwaka 2020 mto ulifurika tena, na Ziwa Victoria nalo likajaa hata maji yakakosa mahali pa kwenda. Katika ukuta wa sebule yangu upo mstari wa matope uliofika kiunoni, na rangi haikuweza kuuficha. Bibi yangu alitaka tuinue msingi tujenge pale pale. Mimi nilitaka tuhamie mlimani kwa ndugu zetu. Tulikuwa tumebishana kwa muda mrefu. “Nenda,” akasema mwishowe. “Huenda ukarudi na akili.”

Uholanzi ina watu wapatao milioni 18, na baiskeli zao huzidi hesabu hiyo. Ile niliyopewa haikuwa na breki ya mkono. Ukitaka kusimama yakupasa kukanyaga pedali kinyumenyume. Niliambiwa hayo asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa nimekwisha kusahau, nikaingia mtaroni mbele ya watoto wa shule. Hawakunicheka, nami nikaona haya zaidi. Ama kupotea njia ni vigumu. Kila njia panda ya baiskeli ina kibao chenye namba, nawe huandika namba zako katika karatasi na kuzifuata moja baada ya nyingine. Mpango huo ulibuniwa na mhandisi wa migodi wa Ubelgiji, aliyezoea kuona njia za chini ya ardhi zikitiwa namba.

Siku ya kwanza tulikwenda mpaka Kampen, mwendo wa kilomita kama 20, tukipita juu ya tuta la mto IJssel. Upande mmoja ng’ombe walikuwa wakila majani kando ya mto. Upande wa pili mapaa ya nyumba za watu yalikuwa karibu sawa na magurudumu yetu. Nilitazama tuta lile kama mgonjwa atazamavyo mtu mzima. Majani yake yalikuwa mafupi, hapana kichaka, hapana shimo la panya, hapana mahali ambapo mtu amechimba udongo wa kufyatulia matofali. (Kwetu nawajua waliofanya hivyo, na mmoja wao ni jamaa yangu.)

Mpwa wangu alinieleza kwamba hata tuta jema halikuwatosha. Mwaka 1995 mito ilijaa hata watu wapatao 250,000 wakahamishwa pamoja na mifugo yao, ingawa matuta makubwa hayakupasuka. Baada ya hapo serikali yao iliona kwamba kuinua matuta peke yake hakuna mwisho, ikaanza kuipa mito nafasi zaidi. Karibu na Kampen tulivuka mkondo mpya uliochimbwa ili kupunguza maji ya IJssel. Na katika bonde moja la kusini, liitwalo Overdiepse Polder, wakulima wenyewe walitoa shauri kwamba shamba liachiwe maji yakizidi, nao wajengewe vilima vya udongo kando ya tuta, nyumba na mazizi yawekwe juu yake. Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Lakini vilima havikuwatosha wote, na wengine walikwenda kutafuta mashamba mahali pengine. Nilimwuliza mpwa wangu nani aliyechagua wa kubaki na wa kuondoka. Hakujua, nasi tukaendelea kimya kwa kitambo.

Siku ya pili upepo ulitukabili tangu alfajiri. Nchi ile haina milima, lakini nawaambieni upepo wao ni mlima usio na kilele. Tulipofika Ramspol nilifurahi kupata sababu ya kushuka. Hapo pana kizuizi cha maji kilichomalizika mwaka 2002, nacho ni mipira mitatu mikubwa mno iliyolazwa chini ya maji. Dhoruba ikilisukuma ziwa kurudi mitoni, mipira hiyo hujazwa upepo na maji, ikavimba, ikafunga njia. Dhoruba ikipita, hunywea na kulala tena. Mimi niliyeziba pancha maelfu katika maisha yangu sikutazamia kuona nchi ikilindwa kwa tyubu!

Kutoka hapo tuliteremka kwenye ardhi iliyokuwa bahari. Maji yalitolewa kwa pampu, na mwaka 1942 nchi ikakauka. Leo ni viazi na vitunguu mpaka upeo wa macho. Katikati ya mashamba hayo kimesimama kisiwa, Schokland, na mtu hukifikia kwa baiskeli bila kulowa. Watu wake walikaa juu ya vilima walivyojijengea, wakazungusha kuta za magogo, na kila mwaka bahari ilikula sehemu yake. Mwaka 1859, kwa amri ya serikali ya mfalme, watu zaidi ya 600 waliondolewa, wengi wao wakaenda Kampen na Volendam. Liko kanisa dogo, na magogo bado yanaonekana. Nilikaa kwenye majani nikifikiri jambo hili: miaka 83 baada ya watu wale kuondolewa, bahari yenyewe iliondoka. Wajukuu wao wangeweza kulima pale babu zao walipozama.

Tulilala Urk, kilichokuwa kisiwa pia, ambako watu hawakuhama na hata leo ni wavuvi. Nilikula samaki mpaka mpwa wangu akaniuliza kama nimeacha nafasi ya kupumulia. Siku ya tatu upepo ulitusukuma mgongoni, nasi tukafika Zwolle kabla ya jua kupungua, magoti yangu yakilalamika.

Njiani kurudi Kenya nilipanga maneno yangu vizuri: habari za Schokland kwa ajili yangu, na habari za vilima vya wakulima, kwa kuwa haki ni haki, kwa ajili ya bibi yangu. Nilipofika nyumbani nilikuta malori matatu ya moramu yamemwagwa uani, na mafundi wawili wakipima kwa kamba kutoka ule mstari wa ukutani kwenda juu.

“Umeona nini huko?” akaniuliza.

Nilivua koti, nikaomba koleo.