Gari Lilipogoma Saa Nane za Usiku

Ndugu msomaji, ikiwa unamiliki gari, au hata kama hupanda tu la shemeji yako siku za harusi, huenda umekwisha kuisikia sauti hii. Unazungusha ufunguo, nawe unangoja injini ingurume. Badala yake unasikia "tak". Basi. Pengine ni "tak-tak-tak-tak", mithili ya kuku adonoaye punje juu ya bati. Mimi niliisikia saa nane za usiku, binti yetu mdogo akiwa mapajani mwa mama yake, mwili unawaka kwa homa.

Vijana watatu wa mtaani petu jijini Dar es Salaam wakajitolea kulisukuma. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu udereva wa malori, akawazuia. Gari letu ni la otomatiki, na gari la aina hiyo haliwaki kwa kusukumwa, kwani injini ikiwa imezimika magurudumu hayawezi kuizungusha. Lile la gia za mkono lingewaka: ungelitia gia ya pili, ukalisukuma na kuachia klachi kwa ghafla. Letu, la hasha. Tukaita bajaji. Vipimo vikaonyesha malaria, mtoto akapewa dawa, na kulipokucha alikuwa anaomba uji.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo lililonitafuna moyoni. Siku nne kabla ya usiku huo, mama watoto aliniambia, "Baba watoto, mbona gari linawaka kwa kusitasita siku hizi, na taa zake zinafifia?" Nami nikamjibu kwa kiburi, "Mambo ya gari niachie mimi." Mimi mwenye stashahada ya uandishi wa habari, niliyefundishwa kumsikiliza kila mtu kabla ya kushika kalamu, nilishindwa kumsikiliza aliye karibu nami kuliko watu wote.

Asubuhi nikamwita fundi. Alizungusha ufunguo mara moja, akasikia "tak", akatoa hukumu: "Stata imekufa." Bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya mshahara wangu. Nilikwisha kutia mkono mfukoni wakati yule mzee alipofika akisalimia. "Mwanangu," akasema, "usimzike mtu kabla hujamshika mapigo. Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo, na utazame ukutani."

Nikafanya hivyo. Mwanga uliokuwa ukutani ukafifia hata ukakaribia kuzimika. Mzee akatabasamu. Stata, akanieleza, hula umeme mwingi mno kwa muda mfupi: ampea 100, 200, au hata zaidi. Kale madereva walizungusha injini kwa mpini wa chuma, na wengine walivunjwa mikono nao, mpaka Charles Kettering alipobuni stata ya umeme iliyofungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Ile "tak" ni sauti ya swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Swichi hiyo hutosheka na umeme kidogo. Stata yenyewe haitosheki. Umeme ukiwa haba, swichi huvuta, nguvu ikaanguka, ikaachia, ikavuta tena. Ndiyo maana mara nyingi husikika "tak-tak-tak".

Basi, msomaji, shika kanuni hii. Taa zikififia unapozungusha ufunguo, shuku betri au viungo vyake. Taa zikibaki zimeng'aa nawe ukasikia "tak" moja nzito, hapo ndipo uishuku stata, swichi yake au waya wake mnene. Na usiposikia lolote, tazama kwanza kama gia iko mahali pake, kisha fyuzi.

Tulipofungua boneti, ushahidi ulikuwa wazi. Kichwa kimoja cha betri kilikuwa kimefunikwa na unga mweupe wenye ukijani, na kingine kililegea hata nikakizungusha kwa vidole. Tukafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Tukaosha kwa maji ya moto, tukakausha, tukasugua kwa msasa na kukaza kwa spana namba 10, tukianza na chanya. Kisha tukaazima umeme kwa gari la jirani: chanya kwa chanya, na waya wa hasi wa mwisho tukaubana kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche. Nikazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

Mzee akapima. Injini ikiwa inazunguka, kipimo kilionyesha volti 14, maana yake alteneta inachaji sawasawa. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6, ikishuka hadi 12 ujue ina njaa. Tena joto la pwani hufupisha maisha yake. Gharama yote ilikuwa kipande cha msasa na birika la maji. Fundi akaondoka bila kuaga.

Nikaenda jikoni, nikamwambia mama watoto kwamba yeye ndiye aliyeliona tatizo kabla yetu sote, na kwamba laiti ningemsikiliza, mtoto asingepelekwa hospitali katika upepo wa bajaji usiku ule. Hakusema neno. Alinimiminia chai, akanisogezea kikombe.

Ndugu msomaji, gari haligomi bila kutoa taarifa. Hutangulia kusitasita, taa hufifia, na mara nyingi yupo mtu nyumbani aliyekwisha kuliona. Leo ni Jumapili. Fungua boneti, tikisa vichwa vya betri uone kama vimekaza. Kisha ingia ndani umuulize mwenzako kama kuna neno alilokuambia wiki hii, nawe hukulisikia.