Leza, faiba na kichwa changu kigumu

Najua nimepotea, msininunie. Leo nawasimulia hitilafu moja iliyonikosesha usingizi wiki nzima.

Wakati huo nilikuwa na kibarua cha kuandika programu katika maabara ya fizikia huko Ujerumani. Walikuwa wakichunguza atomi za rubidi, na leza yao ilipita kwenye moduleta ya gigahezi 6.8. Nuru ikitoka hapo si rangi moja tena. Kuna rangi mama katikati na watoto wawili, mmoja juu, mmoja chini (wale wengine hafifu tuwaache). Jamaa walitaka watoto bila mama.

Kichujio chenyewe ukikiona utacheka. Nuru inagawanywa katika faiba mbili, moja ikiwa ndefu kwa milimita 15 hivi, kisha zinakutanishwa tena. Kuna matundu mawili ya kutokea. Urefu ukikaa sawasawa, mama anatokea huku na watoto kule. Taabu iko kwenye hilo neno "sawasawa". Mita moja ya faiba ikipata joto la digrii 1 zaidi ya mwenzake, mawimbi yanateleza zaidi ya mizunguko 10! Mtu akifungua mlango tu, kwisha. Tulizifunga pamoja kwa utepe, tukazitia sandukuni, na bado zilitambaa.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kipande cha pieso kinavuta faiba moja kidogo sana, na programu yangu inakiongoza: inautikisa urefu, inasoma nuru kwenye tundu la mama, inafuata upande ambako nuru inaongezeka. Grafu ilinyooka kama rula. Nikajiona fundi.

Jioni moja mwanafunzi wa pale akaongeza nguvu ya moduleta ili apate watoto wengi, akaacha mitambo usiku kucha. Asubuhi data yote takataka, na grafu yangu bado imenyooka. Nikaapa kosa si langu. Nikalaumu moduleta, nikalaumu umeme, na yule mwanafunzi pia nikamlaumu, mbele ya watu.

Siku ya tano ndipo nilipochukua karatasi nikapiga hesabu. Ukizidisha nguvu ya moduleta, inafika mahali watoto wakijumlishwa wanamshinda mama. Programu yangu ilijua jambo moja tu, kutafuta nuru nyingi. Basi ikahama kimyakimya, ikawaleta watoto kwenye tundu la mama na kumpeleka mama kwenye majaribio.

Dawa ilikuwa kuchota nuru kidogo kabla ya moduleta, ambako mama yuko peke yake, kuipitisha kinyumenyume katika faiba zilezile, na programu iangalie hiyo tu. Sasa moduleta ipandishwe au ishushwe, haijali.

Kwenye kodi nilibadilisha mistari 3. Mwanafunzi nilimwomba radhi, nikamnunulia kahawa. Anasema bado namdai usiku wake mmoja, eti mimi ndiye mwenye deni, na kweli sijalipa.