Majira ya Mwaka Katika Milima ya Taita

Mtu asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi, akifika Voi, aghalabu huona nchi kavu tu: udongo mwekundu, miti ya miiba, na mibuyu iliyosimama mmoja mmoja. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 yapita hapa pia. Wasafiri wa reli zote mbili wameitazama nchi hii dirishani, wakaihurumia, wakaenda zao. Lau wangalishuka, wakashika njia ya Mwatate kupita mashamba ya katani, kisha wakapanda kwa njia ile ya kona nyingi mpaka Wundanyi, wangalijua kwamba walichokiona ni kizingiti tu. Nyumba yenyewe hawakuiona.

Voi iko kama meta 600 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Vuria, kilicho kirefu kupita vyote katika milima hii, kina meta 2,208. Kwa hiyo, kwa mwendo wa gari wa saa moja hivi, mtu hutoka katika joto la mbuga na kuingia mahali ambapo hutafuta koti. Chini huota choroko, kunde, mbaazi na mtama. Katikati huota mahindi na mihogo. Juu iko migomba, viazi, maharagwe, na mabonde ya mboga yenye maji mwaka mzima. Wataita wa zamani waliyafahamu sana mambo haya, wala hawakupenda kuweka tumaini lao lote mahali pamoja. Jamaa moja ilikuwa na kipande cha shamba juu, na kingine chini, na pengine cha tatu katikati, na desturi hiyo haijakwisha. Ndiyo maana tukitaka kusimulia maisha ya nyumbani katika nchi hii, hatuwezi kuyasimulia ya juu peke yake wala ya chini peke yake. Ni nyumba moja yenye vyumba viwili.

Kwa kalenda mwaka huanza Januari, lakini kwa mkulima wa tambarare huanza Oktoba, jua linapokuwa kali na miti yote imepukutisha majani. Huku chini, vuli ndiyo mvua inayoaminiwa kuliko masika. Wiki chache kabla yake kila nyumba ina kazi. Mashamba hufyekwa, majembe hutiwa mipini mipya, na mbegu hushushwa kutoka darini, mahali yalipotundikwa mahindi pamoja na maganda yake juu ya meko, yakala moshi miezi mingi hata fukusi wakayaacha. Mama wa nyumba huyachagua moja baada ya jingine, na hapana mtu aruhusiwaye kumharakisha.

Mvua ya kwanza ina furaha yake isiyofanana na furaha nyingine. Kwanza huja harufu ya udongo, kabla hata tone moja halijaanguka. Kisha huja matone makubwa juu ya mabati, machache, kana kwamba yanajaribu. Kisha sauti huwa moja, na watu walio ndani hawasikilizani tena. Watoto hutoka mbio. Ndoo, sufuria na mapipa hupangwa chini ya michirizi, kwa kuwa ndoo moja ijazwayo na paa ni safari moja ya kisimani iliyookolewa. Jioni kumbikumbi hutoka ardhini, na watoto na kuku hushindana kuwakamata. Asubuhi ya pili hutamkuta mtu nyumbani. Wote wako shambani, na mwenye shamba kubwa huwaalika jirani, akijua ya kuwa kesho naye ataalikwa.

Desemba ni mwezi wa majani mabichi ya kunde, na ni mwezi wa wageni. Mabasi kutoka Mombasa na Nairobi huja yamejaa watoto na wajukuu wenye mizigo. Babu na bibi hufurahi, hasa bibi, ambaye amemwekea kila mmoja kitu. Lakini wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjukuu aliyezaliwa mjini, asiyejua tofauti ya mhindi na gugu, hupelekwa kupalilia, akachekwa na binamu zake, akajifunza. Huenda furaha hii ya kufundishwa kwa kicheko ikawa kubwa kuliko nyingi apatazo mjini kwa fedha.

Baada ya hapo ni kiangazi cha Januari na Februari. Mahindi mabichi huchomwa makaani, na mtu aliyekula ugali wa unga wa dukani miezi mitatu huyala kama karamu. Lakini huu pia ni wakati wa hofu. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita na Taveta imo katika hifadhi ya Tsavo, iliyowekwa mwaka 1948, na ndovu hawasomi ramani. Mchana shamba hulindwa na nyani na ndege. Watoto huamia kwa makelele na makombeo. Usiku wanaume hulala katika dungu, moto ukiwaka chini. Huko dunguni ndiko mashangazi husema kwamba vijana hujifunza uongo wote wa wazee! Hadithi hupigwa mpaka alfajiri, kwa sababu anayesimulia hasinzii, na anayesikiliza hasinzii. Lakini wote hujua kwamba kundi moja la ndovu, kwa usiku mmoja, laweza kumaliza kazi ya miezi minne.

Kule Sagalla, mlima ulio karibu na Voi, wakulima wengine wamepata walinzi wapya. Mizinga ya nyuki hutundikwa baina ya nguzo kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu, mkubwa jinsi alivyo, hukimbia. Basi mwenye shamba huvuna mahindi yake, na asali pia.

Mavuno yakiisha kupurwa na kupepetwa, huanza safari za vikapu. Choroko na mbaazi hupanda mlimani kwa dada aliyeolewa juu. Vikapu havirudi vitupu. Huteremka na ndizi, viazi na miwa. Hapana anayepima. Lakini kila mtu anakumbuka.

Masika huja Machi na kuendelea mpaka Mei. Mwaka mwingine huku chini hunyesha kidogo tu, lakini mlimani huwa mvua kwelikweli. Maji hutiririka katika kila kijia, na magari hukwama matopeni. Wakati huu mtu hujua kama mwenye shamba alikuwa mvivu au hodari, maana shamba lenye makingamaji mazuri hubaki mahali pake, na lisilo nayo huteremka kwa jirani. Furaha ya masika ni ya kimyakimya: majani mabichi ya ng'ombe yaliyo karibu na zizi, maziwa mengi asubuhi, na mtoto kutotumwa mbali kutafuta chochote.

Kisha hufuata kipupwe, tangu Juni hata Septemba. Pepo za kusi huleta unyevu wa Bahari ya Hindi, na milima hii, iliyo ya kwanza kusimama njiani, huuzuia. Ukungu hushuka asubuhi hata mtu asione mgomba ulio mbele ya mlango wake. Katika misitu ya Ngangao na Mbololo kila jani hudondosha maji. Humo mna ndege wasiopatikana penginepo duniani, na huko Mbololo huota mwituni ua dogo la zambarau ambalo ndugu zake hutunzwa vyunguni madirishani huko Ulaya. Wenyeji hupita karibu nalo wakitafuta kuni, wala hawashangai.

Kipupwe ni majira ya moto. Watu hukaa karibu na mafiga kuliko wakati mwingine wowote, na chakula cha majira haya ni kimanga: muhogo au viazi au ndizi, zikapikwa pamoja na maharagwe, zikapondwa kwa mwiko mpaka zikawa kitu kimoja. Ni chakula kizito. Mtu akila asubuhi hasumbuliwi na njaa mpaka jioni. Mtoto wa Taita aliye mbali akiulizwa anatamani nini nyumbani, mara nyingi hataji milima. Hutaja kimanga.

Lakini kipupwe pia ni majira ya mfereji. Tangu zamani watu wa mlimani wamechimba mifereji ya kuchukua maji ya vijito na kuyapeleka mabondeni mwao. Mfereji si mali ya mtu mmoja. Una zamu zake: leo maji ni ya fulani, kesho ni ya mwenzake. Ukijaa majani na udongo, wote hutoka kuusafisha, na asiyetoka huulizwa. Kwa maji hayo huota kabeji, nyanya na sukumawiki zinazopelekwa kuuzwa mpaka Mombasa. Mtu akiona mboga hizo sokoni, asidhani ni kazi ya udongo mzuri tu. Ni kazi ya watu waliokubali kungojeana.

Hivyo ndivyo mwaka unavyozunguka, na anayesoma habari hizi aweza kufikiri kwamba maisha ya nyumbani ni furaha zinazokuja zenyewe kwa zamu. Kama ni hivyo, na akumbuke miaka ya karibuni.

Vuli ya mwaka 2020 haikuja vizuri. Masika ya 2021 yakafuata vivyo hivyo. Vuli ya 2021, masika ya 2022 na vuli ya 2022 zote zikawa haba. Misimu mitano mfululizo sehemu kubwa za nchi kavu ya Kenya hazikupata mvua ya kutosha, na tarehe 8 Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Hata wanyama hawakusalimika: kwa muda wa Februari mpaka Oktoba 2022, ndovu 205 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa ukame katika Kenya, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Twasema dalili ya mvua ni mawingu. Miaka hiyo mawingu yalikuja, yakatazamwa, yakapita. Mwenye mbegu alijiuliza azipande au azile. Ndovu wenye njaa na kiu hawakungoja mahindi yakomae. Nyuki nao, ukame unapozidi na maua kukosekana, huhama mizinga yao.

Basi katika miaka kama hiyo furaha za majira huenda wapi? Harufu ya mvua haipo, kumbikumbi hawapo, mahindi ya kuchoma hayapo. Kinachobaki ni kile ambacho watu walikuwa wakikitengeneza wakati wa neema bila kukiita jina kubwa. Ile zamu ya mfereji, ambayo katika mwaka mzuri ni desturi tu, katika mwaka mbaya ndiyo inayozuia ugomvi kijito kinapopungua. Ile mbegu iliyokaa moshini ni akiba, na akiba haiozi. Wale wageni wa Desemba ndio wanaotuma fedha ya unga. Na kile kikapu kilichopanda mlimani na choroko, ambacho hapana aliyekipima, huteremka na ndizi hata pale kisipokuwa na kitu cha kuirudishia. Vyumba viwili vya nyumba moja, kimoja kikivuja watu huhamia cha pili.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua ilikuja, nayo ikaja kwa nguvu mno, ikaharibu njia na madaraja mahali pengi katika Kenya. Mkulima hana mahali pa kupeleka malalamiko yake. Alishika jembe, akapanda.

Tunawasikia vijana wakisema kwamba shamba halina faida, na katika hesabu ya kitabu pengine ni kweli. Hatuwezi kumlaumu kijana atafutaye kazi Mombasa au Nairobi, kwa kuwa mashamba ya mlimani yamegawanywa mara nyingi hata mengine hayamtoshi mtu mmoja. Lakini na afahamu kwamba yale anayoyakumbuka akiwa mbali, moto wa kipupwe na mvua juu ya mabati na kimanga cha asubuhi, hayakutoka mlimani yenyewe kama ukungu. Yalitengenezwa na mtu aliyeamka mapema, akachagua mbegu, akasafisha mfereji, akampa jirani zamu yake. Mtu huyo sasa amezeeka, na mfereji bado hujaa majani kila mwaka.

Atakayekuja Desemba na aje na mizigo yake; atapokewa kwa furaha. Na siku ya tatu, jembe liko nyuma ya mlango.