Kisamvu cha Stuttgart

Katikati ya miaka ya 1990 mihogo ilistawi ndani ya nyumba ya vioo ya maabara yetu mjini Stuttgart. Nje kulikuwa na theluji, ndani joto la kwetu Newala. Nilikuwa nimetoka Tanzania kusomea baiokemia, na kazi niliyopewa kwanza ilikuwa kuchuma kisamvu. Nilipomwandikia mama, alijibu, “Mwanangu, na nazi huko mnapata wapi?”

Tulichokitafuta ni kimeng’enya kiitwacho haidroksinitrili liase. Jani la muhogo likipondwa, linamarini iliyohifadhiwa ndani ya seli hukutana na kimeng’enya kingine kilichoko kwenye kuta zake. Sukari hukatwa, na kinachobaki, asetoni sianohaidrini, hupokewa na liase, ambayo hukigawa kuwa asetoni na haidrojeni sianidi. Ndiyo silaha ya mmea dhidi ya wanaoutafuna. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo mama akishatwanga kisamvu na kukichemsha vizuri sufuria likiwa wazi, sumu hupaa kabla tui halijamiminwa. Wanawake wa kwetu wameufanyia kazi mmenyuko huu tangu zamani, na kwa ustadi mkubwa.

Wakemia walikitaka kimeng’enya hicho kwa kazi ya kinyume: kuiunganisha sianidi na aldehaidi. Molekuli inayopatikana ina maumbo mawili, moja taswira ya lingine, kama viganja vya mikono, na mara nyingi dawa au kiuatilifu huhitaji kiganja kimoja tu. Rosenthaler alikuwa ameonyesha tangu 1908 kwamba kimeng’enya cha lozi hutengeneza umbo la kulia. Cha muhogo hutoa la kushoto. Ilibidi tufanye kazi kwenye tindikali, au ndani ya kiyeyushi chenye maji kidogo sana, kwa sababu kwenye maji ya kawaida aldehaidi na sianidi hujiunga zenyewe, na maumbo yote mawili hutoka yakiwa yamechanganyika.

Lakini kwanza kimeng’enya kipatikane. Majani tuliyagandisha kwa naitrojeni kimiminika, tukayasaga yakawa unga wa kijani, tukauchanganya na bafa na kuuchuja kwa kitambaa. Hapo ilibidi kuharakisha, maana fenoli za jani huigeuza rangi ya maji kuwa kahawia na kuharibu protini. Kisha tulitia chumvi ya amoniamu salfeti kidogo kidogo huku tukikoroga taratibu, mpaka protini zikajitenga kama ukungu mweupe. Yaliyofuata yalifanyika katika chumba cha baridi, nyuzi 4. Nikiwa nimevaa koti zito, nilikaa mbele ya kolamu ya kioo iliyodondosha tone baada ya tone kwenye neli zilizopangwa kwa safu. Kila neli niliipima kwa mandelonitrili: liase ikiwamo, mandelonitrili huvunjika na kutoa benzaldehaidi, nayo huonekana kwa mwanga wa urujuanimno. Kalamu ya mashine ikianza kupanda kwenye karatasi, na harufu ya lozi ikanijia, nilijua nimefika. Kapu zima la majani liliishia kuwa protini kidogo chini ya neli.

Mwaka 1994 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walitangaza kwamba wameinakili jeni ya liase ya muhogo. Mwaka 1996 Stuttgart ikatangaza liase iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa E. coli. Chupa ya bakteria waliokuzwa usiku mmoja ilitoa kimeng’enya kingi kuliko nyumba yetu ya vioo. Wapo waliosema usafishaji wa majani sasa umepitwa na wakati. Mimi sikukubali, na sikubali hata leo. Bila kuijua protini yenyewe kutoka kwenye jani, uzito wake, tindikali inayoistahimili na namna inavyofanya kazi, hatungekuwa na kigezo cha kuipimia ile ya bakteria.

Kilichonikera ni kingine. Jeni ya jani la kwetu ilifikiriwa kwa ajili ya viwanda tu, huku kule kwetu muhogo mchungu usiolowekwa au kukaushwa ipasavyo ukiendelea kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, Tanzania, Msumbiji na Kongo. Mzizi wa muhogo una liase kidogo mno, tofauti na jani. Kwa hiyo linamarini ikishakatwa, asetoni sianohaidrini hukawia ndani ya unga badala ya kuachia sianidi ipae.

Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Ohio, Marekani, lilichapisha habari ya muhogo uliopandikizwa jeni ya liase ifanye kazi mizizini. Mizizi hiyo ilipopondwa, sianohaidrini ilivunjika haraka zaidi kuliko kwenye muhogo wa kawaida. Niliisoma ripoti hiyo nikiwa Dar es Salaam, nikaipigia nakala na kuwagawia wanafunzi wangu siku ileile.