Nilikuwa Nikihesabu Ngoma

Nina deni kwa marehemu mmoja ambaye sikuwahi kukutana naye. Kwa miaka mingi nilimsema vibaya barazani kwetu Bombolulu, vijiti vyangu vya dramu vikiwa mfukoni, nikijiona ndiye mjuzi. Anaitwa Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma wa Tanzania, kipofu, aliyekuwa akizipiga ngoma kumi na zaidi peke yake. Naandika haya kwa sababu nimebadilika, na kwa kuwa nilimsema mbele za watu, ni haki maneno hayo niyarudishe mbele za watu.

Wa rika langu hapa pwani hawahitaji kuelezwa ngoma zile. Baba alikuwa na redio ya betri juu ya kabati la vyombo, waya umefungwa kwenye antena na kupitishwa dirishani mpaka kwenye mnazi. Sauti ya Kenya tulikuwa nayo, lakini jioni baba alikuwa akiuzungusha mshale taratibu mpaka aipate Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa alikipenda Kiswahili chao. Kabla ya taarifa ya habari zililia ngoma. Mama aliacha kuosha vyombo, sisi watoto tukakaa kimya mkekani, na hata jirani aliyekuja kuomba chumvi alisubiri mlangoni. Zilikuwa ngoma za kunyamazisha nyumba nzima.

Usiku mmoja baba akatuambia, "Mnajua mpigaji ni kipofu? Na ni mmoja tu, zote hizo." Akatueleza kwamba mwaka 1970 mzee huyo alipelekwa hadi Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka, akazipiga mbele ya watu wa mataifa. Tulishangaa sana. Lakini leo nikitazama nyuma naona kwamba tangu usiku ule sikuzisikia tena zile ngoma. Nilichokuwa nikisikia ni kipofu.

Nilipokua nikawa mpiga dramu katika bendi ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Jioni ambazo hatukuwa na kazi tulikaa barazani, karibu na barabara ya Malindi, na mazungumzo ya muziki hayakuisha. Habari ya Mzee Morris ilipotajwa, watu waligawanyika. Waliompenda walimpenda mno. Fundi cherehani wetu alikuwa akisema hakuna mpigaji mwingine chini ya jua. Kisha walianza kubishana wao kwa wao: ni ngoma kumi, ni kumi na mbili, hapana, ni kumi na saba. Walibishana idadi hiyo mpaka chai ikapoa. Na kila mara mmoja wao alimalizia kwa kusema Mungu akinyima hiki hutoa kile, wote wakaitikia.

Waliomlaumu nao walikuwa na yao. Wako waliosema ngoma ile ni ya kuitia habari tu, haichezeki. Wako waliosema ni mbio tupu, na ngoma ikilia sana yakaribia kupasuka. Lakini lawama iliyokuwa na uzito ilitoka kwa mzee mmoja wa Kiduruma aliyekuwa mpigaji wa sengenya ujanani mwake. Yeye hakupandisha sauti. Alisema ngoma ni watu. Mmoja yuko kwenye msondo, mwingine kwenye chapuo, mwingine kwenye vumi, mwingine anagonga upatu, na nzumari iko juu yao inawaita. Wanapishana, wanachokozana, mmoja akichoka mwenzake anambeba. Anayezipiga zote mwenyewe, akauliza, anajibizana na nani?

Mimi sikuwa na hoja nzito kama hiyo. Nilikuwa na kaseti. Kwenye bendi tulikuwa tukipeana kaseti za Buddy Rich wa Marekani na Ginger Baker wa Uingereza, yule aliyehamia Lagos miaka ya sabini akapiga na Fela. Kwangu hao ndio waliokuwa wapigaji. Nikasema, tena si mara moja: "Mzee huyo angekuwa anaona, nani angemjua?"

Hiyo ndiyo kauli ninayoijutia.

Siku moja ilimfikia jirani yangu. Wasioijua Bombolulu wafahamu kwamba hapa kuna karakana iliyoanzishwa mwaka 1969 na chama cha walemavu wa viungo. Ndani yake mafundi wanatengeneza mikufu, wanashona nguo, wanachonga mbao, wanaunda viti vya magurudumu, na kuna kijiji cha nyumba za kimila ambako wageni hutazama ngoma. Jirani yangu alikuwa fundi wa mikufu. Polio ilimpooza mguu alipokuwa mdogo, akawa anatembea kwa magongo. Alikuwa akipita zake kutoka dukani, akanisikia. Akasimama.

"Kaka," akasema, "wewe husikizi. Wewe wahesabu."

Nikamwambia, "Dada, mimi namtetea. Hao wenzangu ndio wanaomsifu kwa upofu wake."

"Nyote mwahesabu. Wao wahesabu ngoma, wewe wahesabu macho." Akaegemeza gongo moja ukutani, akatoa mkufu mkobani, wa shaba na mbegu. "Mgeni aja, ashika mkufu huu, kisha aniangalia miguu, ndipo asifu. Sifa hiyo siitaki. Hebu vuta hapa." Akanipa. Nikavuta kulabu kwa nguvu zangu zote za mpiga dramu, haikufunguka. Niliangalia kwa karibu: waya ule mwembamba ulikuwa umezungushwa mara tatu, ncha yake imefichwa ndani isikwaruze shingo ya mvaaji. Akaupokea, akaniaga, akaenda zake.

Nilinyamaza, lakini sikubadilika. Ingekuwa uongo kusema nilibadilika usiku ule. Mtu husikia neno la kweli akaliweka kando miaka na miaka.

Mwaka 1997 vita vya Likoni viliwafukuza watalii, hoteli zikabaki tupu, na bendi yetu ikafa kama zilivyokufa nyingi. Nikawa napiga kwenye harusi na sherehe za huku Kisauni. Nilipofika miaka hamsini na kitu nikaanza kukosea kwa namna nisiyoielewa. Naupeleka mkono wa kushoto kwenye tasa, kijiti kinagonga chuma cha kusimamishia. Naipiga ngoma ya sakafuni, napata ukingo. Kwanza nilidhani vijana wanaopanga vyombo wanavisogeza, nikawakemea bure. Daktari wa macho ndiye aliyeniambia ni presha ya macho, kwamba ilikwisha kula pembeni kote, nami nabaki kuona kama mtu anayechungulia kwa bomba, na kilicholiwa hakirudi. Akanipa dawa ya matone, kila usiku, maisha yangu yote. Wasomaji wangu mliopita miaka arubaini, nendeni mkapimwe macho hata kama hayaumi, kwa maana yangu hayakuwahi kuuma.

Basi ikaja harusi moja. Mshereheshaji alikuwa amepata habari zangu, akashika kipaza sauti: "Mpigaji wetu macho yake hayaoni vizuri, jamani, lakini hebu msikieni!" Nilipiga vibaya. Sisemi kwa unyenyekevu, nasema kama fundi: niliharakisha kuanzia ubeti wa kwanza, nikapoteza pigo katikati, mpiga gita la besi akanigeukia kuniokoa. Tulipomaliza watu wakasimama, wakapiga makofi na vigelegele, mama mmoja akanitunza noti huku akilia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na fedha nyingi kuliko kawaida, na sikula. Katika miaka yangu yote ya kupiga sikuwahi kufutwa namna ile. Hakuna aliyenisikia ukumbini. Walimwona mtu asiyeona, wakamaliza. Hapo ndipo sauti ya jirani yangu iliponirudia, neno kwa neno, na nyuma yake ikaja yangu mwenyewe: angekuwa anaona, nani angemjua?

Siku chache baadaye stima ilipotea mtaa mzima. Binti yangu alikuwa na simu yenye chaji. Nikamwomba anitafutie ngoma za Mzee Morris, akazipata mara moja. Nikaziweka karibu na sikio, gizani, nikazirudia mpaka simu ikazima.

Haraka aliyolaumiwa nayo barazani sikuikuta. Mwendo ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama wa mtu anayejua nyumba anayokwenda. Zilizokuwa nyingi ni sauti. Kila ngozi imewambwa na kupewa sauti yake, nyembamba, ya wastani, nzito, ndiyo maana ngoma zile zina wimbo unaoweza kuuimba kwa mdomo, na watoto wa wakati wetu tuliuimba njiani bila kujua tunaimba ngoma. Anayejua ngozi anajua kazi iliyo hapo: unyevu wa hewa huilegeza, moto huikaza, na ukiwa na ngoma nyingi zinalegea kila moja kwa saa yake. Kuziweka zote zikubaliane ni ufundi kabla hujapiga pigo la kwanza. Halafu mikono. Miye nikitaka kuruka kutoka ngoma hii hadi ile, maisha yangu yote nilitupa jicho kwanza, na kwa jicho lile pigo huchelewa kidogo, kiasi cha kope. Yeye hachelewi.

Nikajikamata hapo. Nilikuwa narudi kulekule kwenye macho. Nikaanza tena kusikiliza, safari hii nikifuata sauti nzito peke yake, namna inavyoingia na namna inavyoziacha nyembamba zimalize maneno yao.

Tangu hapo nimeona kwamba wasanii wengi tumewatendea hivi. Bi Kidude wa Unguja alifariki Aprili 2013, na watu walikuwa bado wanabishana umri wake. Mwanamke aliyefunga msondo kiunoni na kuupiga unyagoni kwa miongo mingi, na wengi tulichouliza ni miaka mingapi.

Msinielewe vibaya, Mzee Morris sijamfanya malaika. Ile hoja ya mzee wa sengenya bado naikubali. Napenda zaidi ngoma ya watu wengi, ile inayopigwa na watu wenye hasira na mapenzi tofauti, na katika ngoma za Mzee Morris kuna wakati natamani mtu wa pili aingie ampinge. Hilo ni pungufu kwangu. Lakini ni pungufu la ngoma, nimelipata kwa masikio, na nadhani yeye mwenyewe angekaa tukalijadili.

Jirani yangu nilimfuata nyumbani kwake nikamwomba radhi. Alikuwa amesahau maneno yake, ila mkufu aliukumbuka. Nikamwambia kulabu ile ilikuwa nzuri. Akasema, "Najua."

Sasa nafundisha watoto kila Jumamosi saa kumi jioni, nyuma ya nyumba, kwa ngoma tano na debe moja. Wako wanane, mmoja wao haoni kabisa. Akikosea namwambia amekosea, kama ninavyowaambia wenzake saba. Mwenye mtoto anayependa ngoma na amlete, na akija kututazama, namwomba asitupigie makofi kabla hajasikia.